Pesa za Simba Katika Mti wa Babu

Juzi nilisimama kwenye kibanda kimoja pale Nchiru, huku Meru, karibu na hosteli za wanafunzi, nikila yai la kuchemsha na kachumbari. Kijana mmoja akanunua mandazi mawili, akaacha mezani sarafu niliyodhani ni ya shilingi ishirini, akaanza kwenda zake. Mama wa kibanda akamwita kwa sauti.

"Wee kijana, kuja hapa. Hii si mbao. Hii ni pesa ya wapi?"

Kijana akarudi akicheka. Akasema hata yeye alichanganyiwa kwenye chenji kule Isiolo, akatoa nyingine, wakaelewana. Ile ya kwanza mama wa kibanda aliisukuma upande wangu ili na mimi nicheke. Ilikuwa na kichwa cha simba, kinywa wazi, manyoya yametimka kama nywele za mtu aliyeamshwa vibaya.

Wewe ungecheka. Mimi yai lilinitoka mkononi likaviringika hadi barabarani. Mama wa kibanda akaniuliza kama nina presha, nikamwambia ndiyo, ninayo. Ni rahisi kusema una presha kuliko kueleza kwamba mwanamke mzima, mwenye watoto wa sekondari, anaogopa senti. Tangu siku hiyo jambo hili limekataa kulala. Basi sogea karibu nikusimulie, maana wewe hukujui kwetu na hutanipeleka kwa wazee.

Nililelewa na nyanya yangu, mama yake baba, juu kidogo ya mji wa Maua. Wazazi wangu walikuwa Nairobi wakihangaika na kazi, nami niliachwa pale nikiwa bado nanyonya kidole. Nyanya alikuwa mtu wa maneno machache na amri nyingi. Kulipokucha tu nilitakiwa niwe nimewasha moto, nimeteka maji, nimempelekea ndama majani, na githeri ya jana, mahindi na maharagwe, inachemka kwa mara ya tatu. Alipenda kusema kwamba mtoto asiye na kazi hutafutiwa kazi na shetani. Siku hizo nilimcheka moyoni.

Kule kwetu mtu huamshwa na miraa. Kabla ya jua kuchomoza, wanaume walikuwa tayari juu ya miti wakivunja vichipukizi kwa vidole, na barabarani pikapu zikinguruma kwa kukosa subira, kwa sababu miraa ikichelewa kufika Nairobi inageuka kuwa kuni tu. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuleta majani ya ndizi ya kufungia. Tuliyabeba kichwani, umande ukitudondokea shingoni, mpaka mwanzo wa shamba. Hapo tuliyaweka chini tukarudi. Hatukuingia. Kwetu mwanamke haendi kwenye miti ya miraa, sembuse kuipanda. Akiipanda, mti hukauka. Hilo hatukufundishwa na mtu. Tulilijua jinsi unavyojua kwamba moto unachoma.

Katikati ya shamba letu kulikuwa na mti mmoja uliokuwa mzee kuliko yote. Miti ya namna hiyo, iliyopandwa na vizazi vilivyopita, tunaiita mbaine, na mtu akiwa na mmoja tu hata wazee humsalimu kwa adabu. Huo wetu ulipandwa na baba yake babu. Shina lake lilikuwa nene na limejipinda, gome limepasuka-pasuka, na penye panda ya kwanza palikuwa na tundu jeusi la kuweza kumeza mkono hadi kiwiko. Mti huo ndio uliomsomesha baba yangu na ndugu zake. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, ndiye aliyekuwa akiutunza, na alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba ndio utakaonipeleka sekondari.

Jirani yetu alikuwa mchinjaji. Alikuwa Mwislamu, wa zile familia za Maua ambazo mababu zao walikuja zamani na biashara, wakaoa, wakazika wafu wao hapa, hata hakuna anayekumbuka walitoka wapi. Kimeru alikiongea kumshinda baba yangu. Alikuwa na bucha mjini, na kila baada ya wiki mbili alipanda lori lake kwenda Moyale kununua mbuzi mpakani. Alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope, mbuzi wakilia nyuma, na sisi watoto tukikimbilia lango lake. Ijumaa mkewe alipika anjera, mikate myembamba laini, na harufu ya samli iliruka ua ikaja kututesa sisi watu wa githeri.

Siku moja alitia mkono mfukoni akitafuta peremende, akakuta sarafu. Akaitazama, akacheka, akanipa mimi niliyekuwa mbele.

"Shika, mwari," akasema. Ndivyo tunavyomwita binti. "Hii ni ya Ethiopia. Hapa hainunui kitu. Ni ya kuangalia tu."

Sijui kama unaelewa. Maisha yangu yote sikuwa nimepewa kitu cha kuangalia tu. Nyumbani kwa nyanya kila kitu kilikuwa na kazi yake, hata paka alikuwa na zamu ghalani. Niliifunga ile sarafu kwenye pindo la sketi, nikawa naipapasa darasani siku nzima. Safari iliyofuata nilimngojea langoni kabla ya wenzangu, naye akajua kilichonileta. Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoanza. Kila aliporudi alijipekua mifuko, na baada ya miezi kadhaa nilikuwa na sarafu saba.

Zote zilikuwa na simba upande mmoja, lakini ukizigeuza kila moja ilikuwa na mambo yake. Kulikuwa na nyepesi kama karatasi, yenye mkulima na ng'ombe wake wawili wa kulima. Kulikuwa na ya manjano yenye askari mwenye bunduki, na nyingine ya swara mwenye pembe za kujisokota. Kubwa yao ilikuwa na mwanamume na mwanamke walioinua mikono juu, nami sikujua kama wanashangilia au wanaomba msaada. Nilizisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa, nikazipanga juu ya jiwe nyuma ya choo na kuongea nazo. Yule askari nilimwogopa, nikawa namlaza kifudifudi, lakini hapo simba ndiye aliyebaki akinitazama.

Nyanya alizikuta siku ya kufua. Alizimwaga kiganjani, akanyoosha mkono mbali na uso wake kama mtu aliyeshikishwa kinyonga. Nyanya alipokasirika sana alihama Kimeru akaingia Kiswahili chake cha sokoni, ili ujue mambo yamekuwa ya serikali.

"Hii pesa inanunua chumvi?"

"Hapana, nyanya."

"Inanunua nini?"

"Hainunui. Ni ya kuangalia."

"Na hii mnyama, inaangalia nani?" Akazirudisha mkononi mwangu haraka. "Pesa ya watu iko na mwenyewe. Na mwenyewe atakuja kutafuta. Kesho rudisha."

Nikasema ndiyo, nyanya. Wala sikurudisha.

Nyumba ya nyanya haikuwa na pembe asiyoijua, kwa hiyo nilikaa siku tatu nikifikiria pa kuzificha. Mwishowe nikaona kwamba mahali pekee ambapo hakuna mtu angetafuta kitu cha msichana ni mahali ambapo msichana hafiki. Unaiona akili hiyo? Mtu hujivunia akili yake mpaka impeleke motoni.

Jumapili, wote wakiwa kanisani, nilijifanya tumbo linaniuma. Nilizifunga sarafu zangu kwenye jani la ndizi, nikakaza kwa ugwe wa mgomba, sawasawa na nilivyoona wanaume wakifunga miraa. Nilijiona fundi. Lakini nilipovuka mwanzo wa shamba nilitazama nyuma mara mbili. Sikusikia ndege hata mmoja. Nilikumbatia shina, nikapanda, ukucha wa kidole gumba ukakwanyuka kwenye gome, nikatumbukiza furushi tunduni. Niliposhuka nilisimama nikitazama kama majani yameanza kuanguka. Hayakuanguka. Nikacheka peke yangu kwa hofu, nikakimbia kujilaza kitandani, na tumbo likaniuma kweli.

Mwezi haukuisha. Mvua ilikuwa imechelewa mwaka huo, na miti ya watu wengi ilikuwa imenyong'onyea, ila mimi sikuona ya watu. Asubuhi moja nilikuwa nikitua majani ya ndizi pale mwanzo wa shamba, nikamsikia baba mkubwa akimwambia mvunaji wake, "Huyu mzee ako na shida. Angalia hii tawi." Nikainua macho. Tawi la upande wa jua lilikuwa limegeuka manjano, na majani yake yalikuwa yakidondoka bila upepo.

Nimejifungua mara tatu, nimemzika mama yangu, na sijawahi kuogopa vile tena. Una miaka kumi na mmoja na umeua mti uliowalisha watu tangu baba yake babu. Chakula kitapitia wapi? Nilianza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa wa darasa la tano, na nyanya alianika godoro huku akinitazama. Kila aliyekohoa nyuma yangu nilijua ananijia mimi. Shuleni mwalimu aliposema msichana mmoja asimame, nilisimama, na kumbe hakuwa akiniita mimi.

Nilijaribu kuzitoa. Saa saba mchana, wanaume wakiwa wameenda kupumzika, nilivuka tena. Nilikuwa nimeshafika kwenye panda, mkono umezama tunduni, vidole vinagusa ule ugwe, ndipo nikasikia kikohozi cha baba mkubwa upande wa chini wa shamba. Niliruka kutoka juu nikaanguka kama gunia. Nilichechemea katikati ya migomba huku nimeziba kinywa kwa mkono, kifundo kinawaka moto. Hakuniona. Lakini kuanzia siku hiyo alileta kiti chake, akawa anashinda karibu na ule mti kama mtu anayemuuguza mgonjwa, na mimi sikupata nafasi nyingine.

Mvunaji ndiye aliyezikuta, alipopanda kukata tawi lililokufa. Waliliteremsha furushi kwa fimbo bila kuligusa, wakalileta uani kwa nyanya, wakalifungua kwa fimbo hiyo hiyo. Jani la ndizi lilikuwa limekauka likawa jeusi. Simba saba wakatoka.

Kama ungekuwa mtu wa kwingine ungesema ni vichezeo vya mtoto. Lakini ni nani kwetu angeweza kufikiria mtoto, tena wa kike, juu ya mbaine? Walichoona wao ni kibunda cha miraa kilichofungwa inavyotakiwa, na ndani yake badala ya miraa kuna pesa. Pesa ya nje. Baba mkubwa alielewa papo hapo, na kila aliyekuwa karibu alielewa pia. Mtu alikuwa amekuja kuununua uhai wa mti wetu. Ameshalipa, ameshafunga mzigo wake, na sasa anauvuta pole pole.

"Na nani hapa anaenda Moyale?" baba mkubwa akauliza. Hakungoja jibu. Msimu uliopita jirani alikuwa amemwendea akitaka kukodi miti yetu, naye akamkatalia. "Nilimnyima kwa mlango, akaingia kwa dirisha."

Nyanya alizitazama zile sarafu, kisha akanitazama mimi. Halafu akainuka akaingia jikoni na kuniita nimpelekee kuni. Nilipoingia alikuwa ameinamia moto, amenipa mgongo.

"Zile pesa ulirudisha," akasema. Sikujua kama ananiuliza.

"Nyanya, mimi—"

"Ulirudisha. Mimi niliona ukirudisha. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Akanipakulia uji ambao sikuwa nimeuomba, na upawa ulikuwa ukigonga-gonga ukingo wa kikombe. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa kuona kwamba nyanya naye anaogopa.

Wazee waliketi siku iliyofuata, mchana kweupe, kwenye viti vya plastiki uani kwa baba mkubwa. Jirani alikuja na kofia yake nyeupe na koti la bucha, maana aliitwa akiwa kazini. Wanawake na watoto tulisimama upande wa ghala la mahindi. Nilijibanza nyuma ya nyanya, nimeishika leso yake kwa ngumi mbili.

Jambo moja sijalisahau. Walimhoji kwa Kiswahili. Mtu aliyezaliwa Maua, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ametaniana nao kwa Kimeru wakinunua matumbo kwake, sasa walimgeuzia Kiswahili kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Yeye alijibu kwa Kimeru, nao wakaendelea kwa Kiswahili. Mzee mkubwa wao alikuwa na sauti ya upole, na huo upole ndio ulionimaliza. Alianza kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako. Alisema akimtazama jirani, lakini mimi niliona ananitazama mimi.

"Hii pesa unaijua?"

"Naijua, mzee."

"Ni ya nani?"

Jirani aliinama akazitazama pale chini. Zilikuwa zinang'aa. Mtu mzima hasugui senti kwa ndimu, ni mtoto tu anayeweza kuwa na muda huo, na nilimwona usoni alipoelewa. Aliinua macho, akayapitisha taratibu juu ya wanawake, mpaka yakafika kwenye leso ya nyanya na kichwa changu pembeni yake. Tulitazamana. Nilitikisa kichwa. Mpaka leo sijui nilikuwa namwambia si mimi, au namwambia usiseme.

"Zilitoka mfukoni mwangu," akasema.

Watu wakaguna. Mzee akanyoosha mkono wanyamaze.

"Nani aliweka kwa mti?"

"Hilo sitalisema, mzee."

"Ni wewe?"

"Si mimi. Lakini sitalisema."

"Basi nthenge itasema," mzee akamaliza.

Nthenge ni beberu. Kwetu jambo likishindikana, mshukiwa huletewa beberu, akampiga mpaka afe huku akiapa kwamba kama anasema uongo, naye afe hivyo hivyo, yeye na nyumba yake. Ni kiapo ambacho watu hawakitamki wakiwa wanakula. Jirani alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Wazee wangu, mimi mbuzi namchinja kwa jina la Mungu. Siwezi kumpiga afe kwa kiapo. Dini yangu imenikataza, na nyinyi mnajua."

"Mtu msafi haogopi nthenge," baba mkubwa akasema, na watu wakaitikia.

Nilihitaji kusema maneno mawili tu. Ni zangu. Yalikuwa kooni, nilihisi hata ladha yake, kama ya shaba. Mkono wa nyanya ukanishika bega, vidole vikazama, nami nikayameza. Lakini usimlaumu nyanya. Hata mkono ule usingekuwepo, sidhani ningesema. Niliuona mti umekauka wote, nikajiona nimesimamishwa katikati ya wale wazee, msichana aliyepanda mbaine, nikaiona sekondari inaondoka bila mimi. Niliogopa, basi. Nimetafuta neno zuri zaidi miaka mingi na sijalipata.

Hawakumpiga wala hawakumfukuza. Watu wa kwetu wana njia iliyo mbaya kuliko hizo: waliacha kununua nyama. Nikitoka shule nilipita mbele ya bucha nikaona mbuzi mzima ameangikwa tangu asubuhi, hajakatwa hata robo, nzi ndio wateja. Jirani alikuwa ameketi nyuma ya mizani, mikono juu ya mapaja. Aliponiona alinipungia mkono kama siku zote. Mimi nikavuka barabara.

Wiki ya tatu lori halikwenda Moyale. Lilipakiwa vitanda. Watu walisema wanahamia Isiolo. Mkewe alikuja kumuaga nyanya na sufuria ya anjera iliyofunikwa kwa kitambaa safi, akasema wamekuwa majirani wema. Nyanya alimshukuru sana, akamsindikiza hadi langoni, akasimama mpaka akapotea. Kisha akarudi akawamwagia kuku ile anjera yote. Mimi niliwatazama kuku wakila, na nilikuwa na njaa.

Siku chache baada ya lori kuondoka, mvua ikanyesha. Ilinyesha kwa kila mtu, chini mpaka juu, na miti yote ikainuka. Lakini nani aliangalia miti yote? Mbaine wetu ulitoa vichipukizi vyekundu hata pale tawi lilipokatwa, na watu walikuja kuutazama. Mchawi ameondoka, mti umepona. Hesabu hiyo hakuna aliyeweza kuikosoa. Mimi mwenyewe niliiamini kwa muda, maana nilitaka sana kuiamini. Baba mkubwa alinipeleka sekondari kama alivyoahidi, na kila muhula alipolipa karo alinikumbusha ilikotoka.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani nikamkuta nyanya uani akichambua njahi, maharagwe meusi ya kwetu, kwenye ungo. Nikaketi karibu naye nikamwambia yote, kuanzia ile Jumapili. Hakuinua kichwa.

"Umeambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi wachana nayo. Mti unazaa."

Akaokota kijiwe katikati ya njahi, akakitupa mbali, akaendelea kuchambua.

Nyanya alishatangulia. Penye bucha siku hizi wanauza simu. Pikapu bado zinanguruma alfajiri, majani ya ndizi bado yanadondosha umande, na wasichana wa siku hizi nimeambiwa wengine hata wanavuna wenyewe na hakuna mti uliokauka. Kilichopotea ni lile lango. Kulikuwa na lango ambalo mtoto yeyote angeweza kulikimbilia akijua kuna mtu mzima atakayejipekua mifuko kwa ajili yake, na sisi ndio tulilifunga. Niliwahi kwenda Isiolo kumtafuta. Niliuliza kwa wachinjaji, mmoja akasema alihamia Moyale kwa wakwe zake, mwingine akasema alishafariki. Nikashukuru nikaondoka haraka. Nikuambie ukweli, nilifurahi kwamba sikumpata.

Krismasi iliyopita tulikutana wote kwa baba mkubwa. Amezeeka, meno yamekwisha, lakini sauti ipo. Watoto wa binamu zangu walimzunguka wakitaka hadithi, naye akawaonyesha ule mti kwa fimbo yake, akawaeleza jinsi mchinjaji mmoja alivyojaribu kuununua kwa pesa za simba, na wazee wakamshinda. Aliisimulia vizuri. Katika hadithi yake sasa sarafu zimekuwa arubaini, na zilikuwa na damu. Kasichana kamoja, ka umri wangu wa siku zile, kakanigeukia.

"Shangazi, wewe ulimwona huyo mchawi?"

Wote wakanitazama. Baba mkubwa alikuwa akitabasamu. Hakuna mzee hata mmoja wa wale waliomhoji jirani aliyebaki hai, hakuna nthenge, hakuna karo ya kunyimwa, hakuna mtu uani pale aliyeweza kunifanya lolote. Na moyo wangu ulikuwa ukipiga kama siku ile nyuma ya leso.

"Nilimwona," nikasema.

"Alikuwa anakaa aje?"

Nikasema alikuwa mrefu, na alivaa kofia nyeupe. Halafu nikasukuma kikombe changu mbele, nikaomba niongezewe chai.